Mtamba Aliyezalia kwa Watu

Shida binti Ngassa aliondoka kwa mume wake, kijiji cha Zagayu, kama mtu anayekwenda kuchota maji, kwa sababu kweli alikuwa anakwenda kuchota maji. Alifika bombani, akakuta foleni, akaiweka ndoo yake nyuma ya ndoo za wenzake, akasimama. Kisha miguu ikaendelea na safari. Wanaosimulia mambo kama haya hupenda kutia radi hapo na machozi kidogo. Siku hiyo hata wingu halikuwepo, na Shida hakulia. Alipita mashamba yaliyokuwa yakisubiri mvua, akatembea mpaka Mwamapalala, akaingia uani kwa baba yake jua likiwa limeinama, akatoa salamu ya jioni, "Mwadila, baba," akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

Ngassa, baba yake, alikuwa mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wa kutosha kumfanya asikilizwe na wasiotosha kumfanya aogopwe. Mnadani alikuwa na maneno mengi, nyumbani machache.

"Mkono umefanyaje?" akauliza.

"Dastan."

Alilitaja jina la mumewe kama mkulima anavyowataja funza wa vitumba: si habari, ni hasara ya kila msimu.

"Na mtoto?"

"Yuko kwa bibi yake. Alikuwa amelala."

Mtoto alikuwa Goodness, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea bila kushika ukuta. Shida hakumwacha kwa makusudi. Mtu asiyejua kwamba anahama hawezi kufungasha. Lakini alipotuma mtu kesho yake akamchukue, mtu yule alirudi na salamu za mkwe wake, mzee Mayige: "Mwambieni Ngassa, mtoto ni wa ng'ombe zetu za mahari. Ng'ombe zikirudi zote na uzao wao, mtoto atatoka. Pasipo hivyo, hata unywele wake hautoki."

Desturi ilikuwa hivyo, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Domitila, shangazi yake Shida, mwanamke mwenye ulimi ambao waume wawili walishindwa kuishi nao na wa tatu alifariki, alisema ipo ofisi ya ustawi wa jamii Bariadi mjini, twendeni. Ngassa akamkatalia.

"Mtoto utampata, sikatai. Halafu kaka zake Shida wataoa wapi? Nani atatupa binti, sisi tunaokula mahari ya watu na kukimbilia ofisini?"

"Kwa hiyo mtoto akae huko kwa ajili ya harusi ambazo hazijapangwa?"

"Akae mpaka ng'ombe zirudi. Zitarudi."

Shida aliwasikiliza kama anasikiliza redio ya jirani. Akaondoka akaenda kupepeta mtama.

Ng'ombe zikarudi kweli. Mvua zilipoanza, Ngassa alizipeleka Zagayu moja moja na mbilimbili, nyingine zake mwenyewe badala ya zile zilizokufa, na Mayige akazipokea bila tabasamu. Ilipofika mwaka mpya alibaki mmoja tu. Huyo mmoja ndiye aliyewatoa watu pumzi.

Alikuwa mtamba mwekundu, yaani jike ambaye hajazaa bado, nusu Borani, mwenye mgongo ulionyooka kama benchi la kanisa. Mayige alimtoa kwenye mahari akiwa ndama aliyeachishwa maziwa juzi, ili watu waseme, "Zagayu kuna ng'ombe za kisasa." Watu wakasema. Akakulia kwa Ngassa, akanenepa, na kabla hajapandwa na dume lolote, Shida akiwa bado kwa mumewe, akaja Winnie.

Winnie alikuwa mtaalamu wa mifugo, binti mwembamba mwenye buti za mpira na pikipiki ya ofisi. Alipita vijijini akitafuta mitamba bora ya kuchangia viinitete. Alimweleza Ngassa kwa subira: mtamba anachomwa sindano asubuhi na jioni kwa siku kadhaa ili apevushe mayai mengi kwa pamoja, anapandishwa kwa chupa, yaani kwa mbegu ya dume iliyogandishwa, na baada ya wiki moja mimba zile changa zinaoshwa zinatolewa, kila moja inapandikizwa kwenye tumbo la ng'ombe mwingine wa kawaida. Yule wa kawaida anabeba na kuzaa. Anayezaliwa ni Borani.

"Lakini huyu bado mdogo," Ngassa akasema. "Hajazaa hata mmoja."

"Ndiyo maana tunamtaka, mzee wangu. Tukimsubiri azae mwenyewe atakupa mmoja kwa mwaka, tena mwaka ukiwa na majani. Hivi, kabla hajajua uchungu, damu yake imeshafika kwenye mazizi ya watu. Nchi za wenzetu wanafanya hata kwa farasi. Farasi jike mdogo anaendelea na mashindano yake ya mbio, watoto wake wanabebwa na majike mengine."

"Farasi nimemwona kwenye kalenda tu," Ngassa akasema. "Na alikuwa peke yake."

Winnie alimwambia pia, bila kuzungusha, kwamba ndama watakuwa wa wenye majike yatakayobeba, na yeye atapata dawa za minyoo, dawa ya kuogeshea, na mtamba wake kupandishwa bure baadaye. Ngassa akaitikia. Alikuwa na heshima kwa wataalamu na alijua kwamba wataalamu husema hivi na watu hufanya vile. Kwake jambo hilo lilikuwa na jina tayari. Tangu babu zake, mwenye ng'ombe wengi huwawekesha kwa jirani na ndugu. Aliyewekewa anakamua maziwa na kuzoa samadi, lakini ndama, hata wakifika ishirini, ni wa mwenyewe. Ngassa akaona serikali imechelewa tu kugundua. Badala ya kumwekesha ng'ombe mzima anayekula majani ya watu, unamwekesha ndama peke yake, tena ndani ya tumbo la ng'ombe wa jirani. Akafurahi. Akamwambia Winnie achukue.

Siku ya kuvuna viinitete hivyo, Shida alikuwepo. Alikuwa bado ni mke wa mtu, amekuja kusaidia kuchuma pamba, Goodness mgongoni. Walimpa kamba ashike kichwa cha mtamba. Winnie alimchoma sindano ya ganzi kwenye shina la mkia, na mkia ukalegea kama kamba iliyokatwa. Kisha akaingiza mrija, akaning'iniza mfuko wa maji juu ya mti wa zizi, maji yakawa yanaingia na kutoka, yanaingia na kutoka. Mtamba alisimama akicheua. Macho yake yalikuwa wazi, hayaangalii kitu. Shida, ambaye wiki hiyo alikuwa na alama ya mkanda mgongoni chini ya mbeleko, aliuliza, "Hasikii chochote?"

"Chochote," Winnie akasema. "Anajua tu kwamba kuna watu nyuma."

Shida akajiuliza kama sindano hiyo ipo ya watu, na inauzwa wapi. Akabadilisha mkono wa kushikia kamba.

Waliweka hadubini juu ya meza ya chakula, na Ngassa akaitwa kuchungulia. Aliona vidoa, kama chenga za sembe kwenye maji.

"Hizi ndizo ng'ombe?"

"Ndizo. Nane."

"Hazina mikia," Ngassa akasema, akaenda kuwaita majirani waje waone.

Kosa lake halikuwa hapo. Kosa lake alilifanya mnadani, wiki mbili baadaye, alipokutana na mkwe wake Mayige kwenye supu. Watu walikuwa wengi na Ngassa alikuwa na hadithi. "Mkwe," akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwa wauza viatu, "yule mtamba wako amezaa wanane kwa mpigo mmoja, na dume hajamwona!" Watu wakacheka, Mayige akacheka pamoja nao. Lakini Mayige alikuwa mtu wa kucheka na kuweka akiba.

*

Kikao kilikaliwa kwenye godauni la pamba, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na hakuna nyumba iliyoweza kuwabeba watu wote wa pande mbili. Pamba ilikuwa imeondoka miezi mingi, ikabaki harufu yake na harufu ya viuatilifu. Mwenyekiti alikuwa mzee Selestini, katekista mstaafu, aliyechaguliwa kwa sababu pande zote mbili ziliamini kwamba anazipendelea. Wanaume walikaa kwenye magunia. Wanawake wakakaa karibu na mlango, na Shida alikaa nyuma ya Domitila, mahali ambapo matone ya bati yalikuwa yanadondoka begani kwake. Hakuhama.

"Zote zimerudi, isipokuwa mtamba," Selestini akasema. "Ngassa yuko tayari kumtoa leo. Mayige, tatizo liko wapi?"

Mayige akasimama. Alikuwa mrefu, mwenye kofia ya pama aliyoivua kwa taratibu ili watu wasubiri.

"Namtaka mtamba na uzao wake. Desturi si hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Uzao upi?"

"Ngassa mwenyewe alinihesabia mnadani. Wanane. Mbele ya supu."

Kelele zikapanda. Ngassa akainama akawa anachunguza kidole gumba cha mguu wake kama vile kimeletwa leo. Ilibidi Winnie aitwe. Alikuwa nje, amekinga pikipiki yake na turubai, akaja na buti zake za tope. Akaeleza: kati ya wale wanane, sita walipandikizwa, wanne walishika. Hao wanne bado wako matumboni mwa ng'ombe wa watu, watazaliwa mwezi wa nne, na kila mmoja ni wa mwenye jike linalombeba.

"Subiri, binti yangu," Mayige akasema. "Damu ni ya nani?"

"Ya mtamba."

"Na mtamba ni wa nani?"

"Baba, mimi najua ya tumboni. Ya mahari sijasomea."

"Ngassa," Mayige akageuka, "umepewa nini badala ya watoto wanne?"

Ngassa akajibu kwa sauti ya chini. Ilibidi arudie.

"Dawa ya minyoo."

Godauni lote likacheka, hata watu wa upande wake. Domitila ndiye aliyecheka kwa muda mrefu zaidi, mpaka akajifuta macho na kanga. Shida aliangalia tone likitua begani.

"Basi sikilizeni," Mayige akasema watu walipotulia. "Kama watoto siwapati, na mtamba simtaki. Amechomwa masindano, ameoshwa tumbo, ameachwa ganda. Tangu siku hiyo hajaita dume. Ulizeni wachungaji wa Ngassa! Nirudishiwe kisima kilichokauka niseme nimepewa maji?"

Hilo lilikuwa kweli na kila mtu alilijua. Mtamba alikuwa amekaa miezi bila kuonyesha joto. Winnie alisema huwa inatokea, hasa kwa wadogo, mwili unachelewa kurudi mahali pake, utarudi. Alipoulizwa lini, akaanza kukwangua tope la buti.

Ndipo Domitila akasimama bila kuombwa.

"Mkwe wangu Mayige, nisaidie, mimi sikusoma. Kama mtamba amezaa wanne, si ganda. Kama ni ganda, hana uzao unaoudai. Chagua kimoja. Ukivitaka vyote viwili, basi huyo ng'ombe amezaa bila dume na bado ni mgumba, tumjengee kigango watu waje kuhiji."

"Domitila," Selestini akasema, "hapo ishia."

"Nimeishia, mzee. Nangoja achague."

Mayige hakuchagua. Aliivaa kofia, akaivua. Wazee wakanong'ona na Selestini kwa Kisukuma cha ndani, kile cha banamhala, yaani wazee wenyewe, ambacho vijana wanaelewa nusu tu. Mwisho Selestini akapiga gunia kwa kiganja, vumbi likaruka.

"Walio kwenye matumbo ya ng'ombe za watu, waacheni. Hatuwezi kuzunguka kijiji tukipasua ng'ombe. Mtamba atarudi Zagayu akiwa na mimba. Hiyo mimba ndiyo ushahidi kwamba hakuharibiwa, na ndiyo uzao. Akifika hivyo, mtoto atatoka siku hiyohiyo. Asipobeba, hesabu haijakamilika, na mtoto anabaki kwa baba yake. Mmeridhika?"

Wanaume wakasema wameridhika.

"Mtoto mwenyewe anaitwa nani?" Selestini akauliza, akitaka kufunga kwa sala.

Wakaangaliana. Ngassa akakohoa. Mayige akamwangalia mwanawe Dastan, aliyekuwa amesimama mlangoni akichezea simu siku nzima.

"Goodness," Shida akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza na la mwisho kwenye kikao hicho.

*

Kuanzia siku ile Shida alikuwa na kazi moja. Aliamka kabla ya wachungaji akakaa juu ya jiwe mlangoni mwa zizi, akimtazama mtamba. Jioni ng'ombe wakirudi, alikaa tena. Winnie alimfundisha dalili: atapanda wenzake, au atasimama atulie akipandwa, atalia bila njaa, atatoa ute unaoning'inia kama uzi wa bamia. Ukiona, piga simu, usingoje.

Alitazama. Mtamba alikula, akacheua, akalala, akaamka. Wanawake waliopita kwenda shambani walimsalimu, "Mwangaluka, Shida, mhola?" naye akajibu, "Mhola duhu," yaani amani tupu, kwa sababu ndilo jibu na halidai kitu. Walipomuuliza kama anamkumbuka mtoto alisema ndiyo. Lilikuwa jibu sahihi. Lakini alipojaribu kuuona uso wa Goodness aliona kwanza pua ya mtamba, nyeusi, yenye unyevu, na ilimbidi aisogeze kando kama pazia, na nyuma yake mara nyingi hakukuwa na mtu.

"Unakula?" Domitila alimuuliza siku moja.

"Nakula."

"Unalala?"

"Nalala."

"Basi lia basi, mwanangu, tujue umeugua wapi."

"Nikilia, ataita dume?"

Domitila akakosa la kusema, jambo ambalo majirani walilisimulia kwa wiki nzima.

Mwezi wa pili Winnie alimchoma mtamba sindano ya kumwamsha, akaamka, akampandisha kwa chupa. Wiki tatu baadaye alikuwa anapanda wenzake tena. Haikushika. Winnie akarudia. Ikakataa tena. Mayige alituma mtu kuuliza hali, si kwa wema. Ngassa akawa anaondoka asubuhi anarudi jioni, kwa sababu nyumbani kulikuwa na binti juu ya jiwe.

Kisha wale wanne wakaanza kuzaliwa. Wa kwanza alizaliwa kwa jirani yao Mboje, na jike dogo la kienyeji lenye nundu iliyopinda, ndama mwekundu mrefu wa miguu, akinyonya huku amepiga magoti kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Watu walikwenda kumtazama. Ngassa naye alikwenda. Alisimama nje ya zizi la Mboje muda mrefu, mikono juu ya boma la miti.

"Karibu ndani, mzee," Mboje akamwambia.

"Naonea hapahapa."

"Amefanana na kwenu."

"Amefanana," Ngassa akasema, akarudi nyumbani akalala bila kula.

Jumapili moja, mvua za mwisho zikiwa zinaisha, watu wote wakiwa kanisani, Shida alikuwa kwenye jiwe lake. Mtamba akalia. Akalia tena. Ute ukaning'inia. Shida akampigia Winnie. Simu ikaita ikakatika. Akapiga tena, Winnie akapokea kutoka mahali penye kelele za mabasi.

"Niko safarini, dada, natoka Mwanza. Chupa zimeisha gesi, sina kitu. Tusubiri wiki tatu nyingine."

"Wiki tatu."

"Pole. Mwache apite, atarudi."

Shida akaweka simu kwenye mfuko wa sketi. Upande wa pili wa njia, kwenye malisho ya Mboje, lilikuwa limesimama dume la Mboje. Kila kijiji kina dume moja ambalo halikuhasiwa kwa sababu hakuna aliyelihesabu kuwa ni dume. Hilo lilikuwa fupi, jeusi lenye madoa ya majivu, sikio moja limeraruliwa na mbwa. Nusu Borani na lile: ukisema hivyo mnadani watu wataomba radhi kwa niaba yako.

Hakufikiri sana. Alifungua zizi, akamfunga mtamba kamba, akavuka njia. Dume liliinua kichwa kwa mshangao wa mtu aliyeitwa jina lake hospitalini. Shida akashika kamba, akageuza uso upande wa mahindi, akangoja. Dume likashuka, likapanda tena. Kisha alimrudisha mtamba, akafunga zizi, akanawa mikono, akapika ugali. Watu waliporudi kutoka kanisani walimkuta kwenye jiwe.

Wiki tatu zikapita, mtamba hakulia. Zikapita nyingine.

Mwezi wa sita, pamba ikiwa imefunguka mashambani kote, Winnie alikuja kupima. Akavaa glavu ndefu mpaka begani, akaingiza mkono, akafumba macho kama wafanyavyo wote wenye kazi hiyo. Ngassa alikuwa ameshika mkia. Domitila alikuwa anasali kwa kunong'ona, au anatukana; midomo yake ilikwenda sawasawa kwa yote mawili.

"Ana mimba," Winnie akasema.

Domitila akapiga vigelegele. Ngassa akauachia mkia. Winnie hakuwa amefumbua macho. Vidole vyake viliendelea kutafuta kitu huko ndani, kisha akavua glavu polepole, akamsogelea Shida.

"Hii ni changa," akasema kwa sauti ya wao wawili. "Chupa yangu ya mwisho ni ya zamani kuliko hii. Sana."

Shida akamwangalia.

"Sijauliza kitu," Winnie akasema. "Nimesema ana mimba. Si ndiyo kazi yangu?"

*

Shida alimpeleka mtamba Zagayu yeye mwenyewe, pamoja na baba yake na shangazi yake. Njiani Ngassa alifurahi akasimulia mambo ya zamani ambayo hakuna aliyemuuliza. Mtamba alikwenda kwa adabu. Shida alitazama vumbi.

Mayige aliwapokea uani. Selestini alikuwa ameshafika, amepewa kiti. Dastan hakuwepo. Palikuwa na mwanamke kijana aliyekuwa anafagia, mwenye tumbo la miezi ya kutosha, na aliinama zaidi alipoona wageni. Hakuna aliyemtambulisha. Hakukuwa na haja.

Mayige alimzunguka mtamba mara mbili. Akamgusa ubavu.

"Mimba ya chupa?"

Ngassa akafungua mdomo. Hakuwa anajua, aliamini ni ya chupa, na angeapa.

"Ya dume la Mboje," Shida akasema.

Fagio likasimama.

"Lipi?" Ngassa akauliza kwa sauti iliyokonda. "Lile la sikio?"

"Hilo."

Domitila akafunika mdomo. Mayige akamgeukia Selestini kama mtu aliyeshika mwizi na ushahidi mkononi. "Umesikia, mwenyekiti? Nilitoa Borani. Naletewa mimba ya ng'ombe aliyekula sikio lake mwenyewe. Kwa nini, binti? Ungenyamaza, nani angejua?"

"Umeuliza," Shida akasema.

Wakaanza. Mayige akasema uzao ulioharibika si uzao. Ngassa akasema mimba ni mimba, kikao hakikutaja rangi. Selestini akasema tusikilizane, na hawakusikilizana. Shida alibaki ameshika kamba. Aliona kwamba akikataliwa atarudi Mwamapalala, atakaa kwenye jiwe, atasubiri ndama azaliwe na mtamba aite tena, na kwamba anaweza. Hilo ndilo lililomshangaza kidogo. Angeweza kabisa.

Mama yake Dastan akatoka ndani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, na siku zile mkanda ulipokuwa ukitumika hakuwahi kutoka nje. Alikuwa amembeba Goodness nyongani, ameogeshwa, amepakwa mafuta yanayong'aa, na mfuko wa rambo wa nguo mkononi. Alipita katikati ya wanaume, akampokonya Shida kamba, akaitia mkononi mwa mumewe. Kisha akampa Shida mtoto.

"Ng'ombe wako huyo hapo," akamwambia Mayige. "Bishana naye. Mimi nina huyu mke mpya wa kutunza tayari, na mtoto wake anakuja. Sina mgongo wa watatu."

"Mama Dastan, haya ni mambo ya—"

"Ya kwangu. Nani anaamka usiku hapa? Wewe?"

Mayige alisimama na kamba. Mtamba akaanza kula majani ya ua wa nyumba. Selestini, ambaye kwa miaka arobaini alijua wakati wa kufunga sala, akafumba macho akaanza, "Kwa jina la Baba," na watu wakalazimika kuvua kofia.

Goodness alikuwa mzito kuliko Shida alivyokumbuka. Alimwangalia mama yake kwa dakika nzima bila kupepesa, kisha akanyoosha mikono kwa bibi yake akalia, kilio kikubwa, chenye haki. Bibi akageuka akaingia ndani haraka na magoti yake mabovu. Domitila alitaka kumpokea. Shida akatikisa kichwa, akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia.

Goodness alilia mpaka wakapita bomba la maji, na wanawake kwenye foleni wakageuka. Alilia kwenye mashamba ya pamba. Ngassa alikuwa mbele, anatembea kama mtu anayejitetea mbele ya baraza ambalo halipo. Domitila aliimba kidogo, akaacha. Shida alikuwa anasubiri kitu kije kifuani, furaha au hata hasira, alijua ndipo mahali pake. Hakikuja kitu. Kulikuwa na uzito mgongoni, na joto, na mate yaliyokuwa yanalowesha shingo.

Karibu na Mwamapalala kilio kikaisha. Akafikiri mtoto amelala. Kisha mkono mdogo ukapanda, ukapapasa, ukalishika sikio lake la kushoto, ukalivuta kwa nguvu zote.

Likauma. Shida hakuutoa mkono.